Kakangu ataka kudai pesa za marehemu baba kana kwamba ni mwana pekee

SWALI

Assalaam aleikum, Bwana Wakili.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Likoni. Marehemu babangu alifanya kazi bandarini Mombasa hadi alipofariki mwaka 2014. Aliacha wake wawili. Mkubwa ni mamangu, na kwake tuko watatu: mimi, kakangu anayenifuata, na mdogo wetu wa kike. Bi mdogo alikuwa akikaa Malindi na ana mtoto mmoja wa kiume. Baba alipotutoka mtoto huyo ndiyo kwanza anajifunza kusema, na sasa yuko gredi ya 8. Nyanya mzaa baba alikuwa hai wakati ule, akafariki 2019.

Hatukwenda kwa Kadhi wala mahakama yoyote. Nyumba tunayokaa ni ya mama, aliachiwa na wazazi wake, kwa hivyo hatukuona kama kuna cha kugawa. Juzi juzi tulikuwa tunapaka rangi nyumba, mama akafungua sanduku la baba ambalo lilikuwa chini ya kitanda miaka yote hiyo. Ndani tukakuta kitabu cha benki, mstari wa mwisho umeandikwa shilingi 432,000, na karatasi za hisa za Safaricom alizonunua 2008. Kakangu alikwenda benki, akaambiwa akaunti ililala kwa muda mrefu na pesa zilishapelekwa serikalini. Akapiga *361#, namba ya kuulizia pesa kama hizo, kwa kitambulisho cha baba, na kweli jina likatokea.

Tangu siku hiyo hatuelewani. Kakangu anasema pesa ni zake kwa kuwa ndiye baba alimwandika kwenye fomu ya benki kama jamaa wa karibu. Anasema bi mdogo alipewa talaka mwezi wa Ramadhani, na baba alifariki mfungo mosi wa mwaka huo huo, kwa hivyo yeye na mtoto wake hawana chao. Mimi nasikia uchungu kwa sababu yule mtoto ni damu yetu, hata sura ameichukua ya baba. Isitoshe, usiku wa maziko kakangu alitoa shilingi 18,000 kwenye laini ya baba kwa kuwa alikuwa akijua namba ya siri. Alisema ni za hitima, na chakula kweli kilipikwa, lakini hesabu hatukuiona.

Sasa amepata mtu mjini anayejiita wakala wa mali zisizodaiwa. Mtu huyo anataka shilingi 8,000 za kufungulia faili na asilimia 30 zikitoka. Ameshaandika hati ya kiapo inayosema kakangu ndiye mrithi pekee wa marehemu, na mama, mdogo wangu na mimi tunatakiwa kusaini kwamba tumeridhia. Bi mdogo na mtoto hawamo kabisa. Si hayo tu. Amemwambia kakangu ana orodha ya majina ya watu waliokufa na hakuna anayewadai, mmoja wao ana jina la ukoo kama letu, na kwamba akijifanya mpwa wake watagawana nusu kwa nusu. Kakangu siku hizi anasema pesa isiyodaiwa haina mwenyewe.

Tumeambiwa tusaini Ijumaa. Mama anaogopa kumkosa mwanawe wa kiume, hana mwingine. Je, kisheria haya yanafaa? Na kama hayafai, njia ni ipi?

Binti Mkubwa, Likoni


JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Pole kwa mtihani huu. Ijumaa msisaini. Wewe usisaini, mdogo wako asisaini, na mama mwambie kalamu asiishike hata akiletewa karatasi kitandani. Nitaeleza kwa nini, kisha tuje kwenye njia ya halali, kwa sababu ipo na wala si ngumu kama wakala anavyotaka muamini.

Nianze na hilo la pesa isiyodaiwa kutokuwa na mwenyewe. Kenya tuna sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa ya mwaka 2011, na mamlaka yake ndiyo hiyo ambayo kakako ameipigia, UFAA, yaani Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa. Akaunti ya benki ikikaa miaka 5 bila mwenyewe kuigusa wala kuwasiliana na benki, benki inalazimika kuzikabidhi pesa kwa mamlaka. Gawio la hisa ni miaka 3. Mamlaka haizimiliki pesa hizo. Inazishika kwa niaba ya mwenyewe au warithi wake, na hakuna tarehe ambayo haki yenu inakufa. Kwa hivyo mtu akiwaambia muwahi kabla serikali haijazila, jueni anawakimbiza ili msipate nafasi ya kuuliza. Babako amefariki zaidi ya miaka 10 sasa. Miezi michache ya kufuata utaratibu haiwaharibii chochote.

Hiyo *361# nayo inaonyesha tu kwamba kwa jina na kitambulisho kile kuna kitu kinashikiliwa. Haimwambii aliyepiga kwamba yeye ndiye mrithi. Hata mimi nikiwa na namba ya kitambulisho cha babako ningepata jibu lile lile.

Sasa fomu ya benki. Hapa familia nyingi huumia, na sitamlaumu kakako kwa kuamini hivyo, maana hata watu waliosoma huamini. Jina la jamaa wa karibu kwenye fomu ya kufungua akaunti ni jina la mtu wa kupigiwa simu mwenye akaunti akipatwa na jambo. Halimpi umiliki. Chama cha akiba na mikopo, bima ya maisha na malipo ya uzeeni huwa na fomu ya aina nyingine ambapo mwanachama huteua mtu wa kulipwa, na hiyo ina uzito wake kisheria. Kama babako alikuwa na akiba kwenye chama cha wafanyakazi wa bandari, nendeni mkaulize, maana huko huenda kuna uteuzi wake. Lakini kwa akaunti hii ya benki, kakako ana fungu lake kama mtoto wa marehemu, na si zaidi.

Kudai mali ya marehemu anaruhusiwa msimamizi wa mirathi tu, aliyepewa hati na mahakama. Kabla ya hati hiyo, mke hana mamlaka, mtoto mkubwa hana, ami hana. Sheria ya urithi ya Kenya, sura ya 160, kifungu cha 45, inamkataza mtu yeyote kuchukua, kuuza au kuingilia mali ya marehemu bila ruhusa ya sheria hiyo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wapo wanaodhani kwamba sisi Waislamu hatuguswi kwa kuwa mirathi yetu ni ya Qur'ani. Mgawanyo ni wa Qur'ani, lakini kifungu hicho kinahusu usimamizi wa mali, na kinatuhusu.

Ndiyo maana zile 18,000 za usiku wa maziko ni kosa. Marehemu hatumi pesa, na ukiingiza namba yake ya siri unajifanya yeye. Lakini nisimkandamize kakako kupita kiasi. Gharama za maziko ndizo za kwanza kutolewa katika mali ya marehemu, na kifungu hicho hicho kinasema aliyeingilia atawajibika kwa alichochukua baada ya kutolewa malipo yaliyofanywa ipasavyo. Basi akae chini aandike: sanda kiasi gani, kaburi kiasi gani, gari kiasi gani. Chakula cha hitima kinaweza kuleta ubishi, kwa sababu mrithi aliyekuwa mtoto hakuweza kuridhia fungu lake lipikiwe wageni. Aiseme mbele ya Kadhi waziwazi. Akiisema mwenyewe ni hesabu ya familia. Ikija kufichuliwa na mwingine itakuwa tuhuma ya wizi.

Hati ya kiapo ya wakala ni jambo zito kuliko yote, nami naomba mama aisikie sehemu hii ukimsomea. Kuapa kwamba kakako ni mrithi pekee huku nyinyi watatu mko chumba kimoja naye, na mtoto mwingine yuko Malindi, ni kiapo cha uongo. Nyinyi mkisaini mmeshiriki. Na hata mahakama ikidanganyika ikatoa hati, kifungu cha 76 cha sheria hiyo kinairuhusu ifute hati iliyopatikana kwa uongo au kwa kuficha mambo, wakati wowote, hata kama pesa zimeshagawanywa na kutumika. Yule kijana wa gredi ya 8 bado miaka michache afikishe 18. Siku hiyo atakuja na cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba yenu, na mtu wa kurudisha fungu lake atakuwa kakako, pengine na nyinyi pamoja naye. Wakala hamtamwona.

Na hiyo orodha ya wafu wasiodaiwa, dada, mwambie kakako aikimbie kama moto. Jina kufanana si undugu. Kujifanya mpwa wa mtu usiyemjua ni udanganyifu, na karatasi za kuuthibitisha huo upwa hazitapatikana ila kwa kughushi. Yule marehemu ana watu wake mahali fulani, huenda mjane asiyejua hata kwamba mumewe alikuwa na akaunti, kama mama yenu ambavyo hakujua. Na kama hana mtu kabisa, sheria ina mahali pa kuipeleka mali hiyo, nako si mfukoni mwa mtu wa jina moja. Utapeli huu umezunguka dunia nzima kwa barua na simu kwa miaka mingi: fulani amekufa, ameacha mamilioni, wewe una jina lake, lete ada kidogo tuanze. Mara nyingi hakuna marehemu wala mamilioni. Ada ndiyo biashara yenyewe. Mtu anayemwalika mteja wake katika jambo kama hilo ndiye huyo huyo anayetaka mumkabidhi karatasi za babenu. Kumtuma mtu akufuatilie dai lako si haramu kisheria, lakini UFAA yenyewe haitozi ada ya kudai, na fomu zake mnaweza kujaza wenyewe. Asilimia 30 ya 432,000 ni shilingi 129,600. Hesabu hapo chini itakuonyesha kwamba wakala angechukua zaidi ya mtoto yeyote wa marehemu.

Tuje kwa Kadhi. Nyote ni Waislamu, na mkikubali mamlaka yake nyote, mahakama ya Kadhi ndiyo mahali penu. Atataka cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, vitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Neno wote ulishike. Nendeni kwa chifu na majina ya nyumba zote mbili.

Kuhusu bi mdogo, kakako amejijibu bila kujua. Anasema talaka ilitoka Ramadhani na baba akafariki mfungo mosi, mwezi unaofuata. Kadhi atauliza ilikuwa talaka ngapi, nani alishuhudia, na eda ilikuwa imekwisha au bado. Mwanamke aliyepewa talaka rejea, yaani ile ambayo mume bado anaweza kumrudia, mumewe akafa kabla eda haijakwisha, anahesabiwa bado ni mke na anarithi. Kwa tarehe hizo, eda ya tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, ni vigumu kuwa ilikuwa imekwisha. Kama ilikuwa talaka tatu, au kuna maelezo mengine, hilo ni la Kadhi kuamua baada ya kusikia pande zote. Si la kuamuliwa sebuleni kwenu na mtu mwenye fungu katika jibu. Ama mtoto, hata kama mamake alipewa talaka mia, yeye ni mwana wa ndoa na ni mrithi sawasawa na kakako. Hapo hakuna la kujadili.

Kinachotangulia kabla ya warithi ni gharama za maziko na madeni. Muulizeni mama, na bi mdogo naye aulizwe, kama mahari yao yalilipwa yote. Mahari yaliyobaki ni deni la marehemu, yanatoka kabla ya kugawa. Baada ya hapo ndiyo fardhi, yaani mafungu ya warithi. Tuchukulie kwa mfano kwamba baada ya yote hayo zimebaki 432,000 kamili, na Kadhi amekubali kwamba wake ni wawili. Wake, kwa kuwa marehemu ana watoto, wanapata thumuni, moja ya nane, kwa pamoja: 54,000, yaani 27,000 kila mmoja. Nyanya yenu alikuwa hai siku mwanawe alipofariki, kwa hivyo sudusi, moja ya sita, ni yake, 72,000. Zinabaki 306,000 za watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Mafungu ni 6, kila moja 51,000. Wewe na mdogo wako 51,000 kila mmoja, kakako 102,000, na yule wa Malindi 102,000.

Sudusi ya nyanya haikufa naye. Ilishakuwa mali yake tangu 2014, na alipofariki 2019 ikawa ya warithi wake yeye, yaani ami na shangazi zenu waliokuwa hai. Nyinyi wajukuu hapo hamna kitu maadamu wanawe wa kiume wapo. Familia nyingi husahau kizazi hiki cha katikati, halafu ami hufika mahakamani na pingamizi wakati kila kitu kimekaribia kuisha. Waambieni mapema.

Hisa nazo zifuatilieni. Zile za 2008 ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja, na gawio limekuwa likitolewa tangu hapo. Msimamizi akipata hati ataulizia hisa zenyewe pamoja na gawio lililolala, na vyote vitagawanywa kwa mafungu hayo hayo.

Nani awe msimamizi? Kwa kuwa kuna mrithi mdogo, ningependa wawe wawili, mmoja kutoka kila nyumba: wewe na bi mdogo, au kakako na bi mdogo kama moyo wake utarejea. Najua hilo la pili litakushangaza. Lakini kijana aliyeshika usukani wa nyumba tangu akiwa mdogo, akaambiwa kila siku kwamba sasa yeye ndiye baba, ni rahisi kudhani kwamba mali ya baba nayo imemfuata. Mpe nafasi ya kuifanya kazi hiyo kwa halali kabla hujampeleka popote. Mwonyeshe hesabu hii. Katika njia ya halali ana 102,000 na hisa, na analala usingizi. Katika njia ya wakala anabaki na 302,400 iwapo watamlipa kweli, akiwa na kiapo cha uongo chenye saini yake katika faili la serikali.

Mama naye asiogope. Akikataa kusaini anamkinga mwanawe. Amwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo, mkiwa nyote mmekaa.

Kabla ya Ijumaa fanyeni mambo mawili. Mchukue karatasi zote za baba ambazo huenda wakala ameshapewa, hasa kitambulisho, kitabu cha benki na nakala za vyeti, na kama ameshapewa zile 8,000 mdai risiti. Akikataa kurudisha karatasi, nendeni polisi. La pili, mpigie simu bi mdogo Malindi. Mpigie wewe, si kakako. Mwambie kilichopatikana kwenye sanduku, kiasi gani, na kwamba mnataka kwenda kwa Kadhi pamoja. Kadhi akishatoa hati na kuthibitisha mafungu, wasimamizi watajaza fomu ya UFAA na kuambatisha hati hiyo, cheti cha kifo, nakala za kitambulisho cha marehemu na vyao, na PIN zao za KRA, nakala ziwe zimethibitishwa na wakili. Wafungue akaunti ya mirathi kwa majina yao wawili, inayotoa pesa kwa saini zote mbili, na hiyo ndiyo wampe mwenye kulipa. Fungu la kijana liwekwe kwa jina lake kama Kadhi atakavyoelekeza.